Bandeji Huanzia Vidoleni

Sifa na shukrani ni zake Mungu, aliyetupa miguu na akajua mapema itatufikisha wapi. Mwanawe alipiga magoti akaosha miguu ya wanafunzi wake, wala hakuuliza kwanza ni nani kati yao anastahili. Mimi nimefanya kazi ya miguu maisha yangu yote, na kila nilipochoka kuinama nilikumbuka kwamba kuna aliyeinama kabla yangu.

Haya nawaandikia ninyi mnaobaki katika chumba cha vidonda hapa kliniki ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi. Siku mliyoniaga mlipika, mkaimba, mkanivisha kitenge kipya, na shemasi wetu akahutubia mpaka nsima, ugali wa huku, ikapoa. Mliponipa nafasi ya kusema neno nilishindwa kwa machozi. Basi neno lenyewe ni hili. Vyeo nimeviacha, havikuwa vingi.

Nilianza kazi Uvira, kule Kongo, katika hospitali ya misheni, nikiwa binti mwenye kofia nyeupe na majivuno kidogo. Nilitazamia sindano. Aliyenipokea, Masera Agneta, mtawa Mbembe mfupi mwenye sauti ya mwalimu, alinipa bandeji moja iliyofuliwa mara nyingi.

"Funga mguu yako," akaniambia.

"Mi siko mugonjwa, Masera."

"Funga tu. Halafu ufanye kazi nayo mpaka jioni."

Nikaufunga mguu wangu kama nilivyoona inafaa, kuanzia chini ya goti kushuka. Kabla ya saa sita bandeji ilikuwa imeteleza yote, imekusanyika kwenye kifundo kama soksi ya mtoto wa shule, na vidole vimenivimba. Masera akanitazama nikichechemea katikati ya vitanda.

"Bandeji imekukimbia weye mwenye mguu muzima. Mugonjwa itamufanya nini?"

Ndipo akanifundisha. Bandeji huanzia vidoleni. Hushika kisigino, maana kisigino kikiachwa wazi uvimbe wote hukimbilia hapo. Hukazwa zaidi kwenye kifundo, kisha hulegea kidogo kidogo ikipanda, na kila mzunguko hufunika nusu ya ule uliotangulia, mpaka chini ya goti. Hufungwa asubuhi, mgonjwa akiwa bado amelala, kabla damu haijashuka.

Nilimuuliza damu inashukaje, wakati tulifundishwa kwamba inazunguka. Akanielekeza dirishani, kwenye njia za mlima, ambako wanawake walipanda na mihogo mgongoni. "Damu ya mguu ni yule mama. Anapanda na muzigo. Ndani ya mushipa kuna milango midogo. Akipita moja, inajifunga nyuma yake, asirudi chini. Milango ikilegea, muzigo unamurudisha. Mushipa unajaa, unavimba, unajipinda." Wakati huo nilifahamu ile mishipa minene ya kijani niliyoiona kwa mama yangu, ambayo wenye Kifaransa huiita varise. Nilifahamu pia kwa nini ngozi juu ya kifundo huwa nyeusi na ngumu, kisha siku moja hufunguka kidonda kisichopona. Huwapata wenye kusimama au kukaa kutwa, waliozaa watoto wengi, na wale ambao wazazi wao walikuwa nayo.

Aliniachia pia amri mbili. Ya kwanza: kabla ya kukaza mguu wa mtu, tafuta pigo la moyo juu ya unyayo wake kwa vidole vyako. Usipolisikia, usifunge, huenda damu haishuki vizuri, na bandeji itaua mguu. Ya pili: muulize mtu anafanya kazi gani kabla ya kumuuliza anaumwa nini.

Vita vilitutoa Uvira, na sitavisimulia, maana wengi wenu mnavyo vyenu. Tulipita Tanzania, tukafika Malawi. Diploma yangu ilibaki katika nyumba ambayo sijui leo inakaliwa na nani. Hapa Dzaleka nilianza kwa kudeki sakafu na kutafsiri: mgonjwa anasema Kiswahili chetu au Kibembe, mimi naligeuza neno kuwa Kiingereza changu cha kubahatisha, na tabibu ananijibu zikomo, asante ya Kichewa. Wapo walionihurumia. Mimi niliona Bwana amenirudisha mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma nao unaingia nyumbani.

Daktari Mwale, mpasuaji wa Lilongwe aliyekuwa akija kambini mara kwa mara, ndiye aliyenirudisha kwenye miguu. Aliomba niruhusiwe kwenda siku za Alhamisi katika chumba chake cha Area 47, mtaa mmoja wa Lilongwe, nitafsirie wagonjwa wetu aliowapokea huko na nijifunze. Alikuwa mpole, mwenye kupenda chai yenye sukari kuliko inavyomfaa daktari. Aliniwekea mkononi kichombo cha ekografi, kinachoona ndani ya mwili, akanionyesha kwenye kioo milango ile aliyonisimulia Masera, ikifunguka na kufunga, na mingine imebaki wazi kama mdomo wa mtu aliyelala. Nililia. Akadhani nimeona ugonjwa.

Kwake nilijifunza kwamba bandeji na soksi za kubana husaidia mishipa lakini haziirudishi ujana. Mshipa mbovu ukitaka kuondolewa, zipo njia. Kuna sindano ya dawa kama povu, inayoingizwa ndani ya mshipa mpaka kuta zake zishikane na ukauke. Mguu hubanwa baadaye, na mtu huambiwa atembee siku hiyo hiyo. Kuna kuuchoma kwa joto kutoka ndani, kwa uzi mwembamba unaopitishwa ndani yake, mahali penye mashine hiyo. Na kuna upasuaji wa zamani, wa kuufunga pale kwenye nyonga na kuuvuta nje. Damu haipotei njia kwa sababu hiyo. Mishipa mingine ya ndani huipokea. Mjamzito huambiwa asubiri azae kwanza, kwa kuwa mingi hunywea yenyewe. Na hakuna njia kati ya hizo inayoahidi kwamba mshipa mwingine hautavimba baadaye. Daktari alisema hayo kwa kila mgonjwa, hata kwa wale waliotamani adanganye.

Siku moja alikuja mama wa ofisi moja ya City Centre, amevaa soksi nene katika joto la mwezi wa kumi, wakati hata mijusi hutafuta kivuli. Alipozivua, nikaona vijimishipa vyembamba, vyekundu na vya bluu, vimetapakaa nyuma ya goti kama nyuzi zilizoanguka chini ya cherehani. Nikasema moyoni: Ee Bwana, kule kwetu kambini kuna watu wanaoza miguu. Daktari akamweleza kwa upole uleule kwamba nyuzi hizo hazidhuru; zinaweza kufifishwa kwa sindano ndogo sana au kwa mwanga, na pengine zitarudi; na akitaka kuziacha, hatakufa nazo. Yule mama akalia kwa furaha. Kumbe kwa muda mrefu aliamini ni mwanzo wa kukatwa mguu kama baba yake, wala hakuwa amemwambia mtu. Tangu siku hiyo nawaomba, msipime hofu ya mtu kwa ukubwa wa mshipa wake.

Hofu ndiyo iliyomleta Mama Feza, na kwa ajili yake hasa nimeshika kalamu.

Mama Feza alikuwa mshonaji. Mnakijua kibanda chake karibu na soko, na cherehani yake ya miguu. Siku hiyo alishushwa kwenye kabaza, baiskeli inasukumwa na kaka yake, Byamungu, mtu mwema mwenye maneno mengi. Juu ya kifundo cha ndani kulikuwa na kidonda kipana kama kiganja cha mtoto. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi na ngumu, na mishipa ya shavu la mguu imejipinda kama mizizi. Lakini kilichonishtua kilikuwa chini ya goti: kamba ya kitambaa cheusi iliyosokotwa, imekazwa mpaka imezama katika nyama. Chini yake mguu ulikuwa umefura.

"Nani alifunga hii kamba?"

"Njo kaka alifunga," Feza akajibu. "Sumu isipande ku roho."

"Sumu gani?"

Byamungu akacheka bila furaha. "Mama Nesi, usijifanye haujue. Hii haiko ugonjwa ya hospitali. Dada yangu alikanyaga."

Sisi watu wa Uvira na Fizi hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mtu amekanyaga maana yake mwingine ametega dawa njiani, na mguu unaopita juu yake unaoza. Na aliyetega naye walikuwa wamekwisha kumjua. Katika nyumba iliyopakana na ya Feza alikaa Odeta, mjane wa Kirundi, msukaji wa vikapu. Alizoea kuloweka nyasi zake katika rangi nyeusi, kisha kumwaga maji yale nje, karibu na njia ya kwenda mjigo, pampu yetu ya maji. Wakati wa mvua Feza alikanyaga tope lile jeusi. Siku chache baadaye kidonda kikafunguka.

Kwa hiyo sasa, Odeta akifika mjigoni, wanawake walivuta ndoo zao zisigusane na yake. Byamungu alikuwa amemwendea kiongozi wa bloku kuomba mjane ahamishwe. Na Jumamosi angekuja mfumu, mganga wa kienyeji, kutoka ng'ambo ya pili ya kambi, auchanje ule mshipa mnene kwa wembe, atoe damu nyeusi.

Kule Uvira tuliwahi kuitwa kwa mtu aliyechanjwa hivyo. Mshipa uliojaa namna ile hutoa damu kama bomba. Watu wake walimsimamisha ili sumu yote ishuke, wakati ilipasa alazwe, mguu uinuliwe juu, na mkono mmoja ukandamize palepale. Masera na mimi tulimfikia mwili ukiwa bado una joto.

Niliwaeleza yote: milango ya damu, mama na mzigo wake, cherehani ya Feza, watoto saba aliowazaa. Niliwaonyesha kwamba ngozi haiwi nyeusi namna ile kwa mvua moja. Niliwaambia kamba ile inaizuia damu isipande, na ndiyo inayokilisha kidonda. Byamungu akasikiliza kwa adabu yote.

"Hayo, muzungu wa Area 47 njo alikufundisha?"

"Si muzungu. Ni Mchewa."

"Tena mugeni wa mambo yetu!" akasema, kana kwamba shauri limekwisha.

Mkasi ulikuwa mfukoni mwangu. Lakini kama ningekata, wangefunga nyingine kabla hawajaupita mjigo. Kuiondoa kamba kulikuwa ni kukiri kwamba hakuna sumu, na kama hakuna sumu basi Odeta hana kosa. Mambo hayo mawili yalikuwa fundo moja. Nikasafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikaomba nao, nikawaambia nitafika kwao Ijumaa.

Ijumaa nikaenda na bandeji mpya. Feza alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu juu ya mto. Nikashika tena hoja zangu, na Byamungu akanikatiza.

"Sawa. Tumuite. Kama haiko yeye, aje afungue kamba kwa mukono yake, bila woga."

Odeta akaja. Mikono yake ilikuwa myeusi ya rangi mpaka kwenye viwiko, na aliificha nyuma. Byamungu akamweleza. Mjane yule akasema polepole, kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani:

"Mana yanje, Mungu wangu. Nikifungua, mutasema njo mimi nilifunga. Nikikataa, mutasema nilitega. Munanipa njia mbili, na zote zinaingia mu shimo moja." Akamgeukia Feza. "Weye ulinishonea nguo ya kuzika bwana yangu. Haukuniomba hata kitu. Nikutegee weye juu ya nini?"

Hoja zangu zote nilizokuja nazo hazikuwa zimefikia hapo.

Feza alikuwa anaitazama kamba. "Mama Nesi," akasema, "nikikata, nitakufa?"

"Hautakufa juu ya kamba."

"Unaapa?"

"Siapi. Nitakaa hapa na weye."

Akanyoosha mkono kwenye cherehani, iliyoletwa nyumbani tangu augue, akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitenge. Byamungu akainuka. "Dada!" Feza akamtazama mara moja tu, naye akakaa. Akaingiza ncha ya mkasi polepole, kama mtu anayefumua mshono asiharibu kitambaa, akakata.

Sote tukatazama kifua chake. Kilipanda, kikashuka. Odeta alikuwa amefumba macho. Baada ya muda Feza akasema, "Inawasha," na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Tulikaa, tukanywa chai, tukaimba wimbo mmoja, kisha wa pili. Byamungu ndiye aliyeaga kwanza, aende kumzuia mfumu.

"Utamwambia nini?" nikauliza.

"Nitamwambia mguu imesafiri."

Nikatafuta pigo juu ya unyayo wake, nikalisikia. Ikabaki kazi ya bandeji. Feza hakuweza kujifunga; kiuno chake hakikumruhusu kuinama, na mimi nisingeweza kufika kila alfajiri. Byamungu aliporudi akajitolea, nikamwelekeza, akafunga. Mguu ule ulifanana na gunia la mahindi lililofungwa na mtu anayeikimbilia minibasi.

Odeta alikuwa bado amesimama mlangoni. "Umekaza juu kuliko chini," akasema kwa sauti ndogo. "Kikapu ya namna hiyo haisimame."

Nikamnyooshea bandeji. Akaitazama mikono yake. "Nimenawa, lakini rangi haitoke." Feza akausogeza mguu nyuma kidogo, na mwenyewe nikaona Odeta amekwisha kukunja mabega. Halafu Feza akashusha pumzi, akaunyoosha, akauweka juu ya mapaja ya jirani yake.

Nilimwonyesha mara moja tu. Msukaji wa Kirundi huanza kikapu kwenye kitako na kupanda, na nguvu ya mkono wake haibadiliki kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, la sivyo kikapu kinapinda. Bandeji ile ilikaa mguuni mpaka jioni kama imezaliwa hapo. Nimefundisha wengi, na ninawapenda, lakini mkono wenye ulinganifu ule nimeuona mara mbili: kwa Masera Agneta na kwa mjane yule.

Alikwenda kila asubuhi, Feza akiwa hajashuka kitandani. Kidonda hakikupona upesi, na yeyote atakayewaambia kidonda cha mshipa hupona upesi anauza kitu. Mvua zilipoanza kilirudi nyuma, na Byamungu akaanza tena kuguna, ila kamba hakuna aliyeifunga. Feza alijifunza kulaza mguu juu kuliko moyo, kuacha cherehani na kutembea mara kwa mara. Kingo zikaanza kuwa na rangi ya waridi, zikasogeleana. Siku moja mjigoni mama mmoja aliweka ndoo yake kando ya ile ya Odeta, akaendelea na habari zake za bei ya mafuta. Wengine mpaka leo husema mjane alitengua dawa yake mwenyewe. Hilo nilishindwa kulizuia. Midomo haina bandeji.

Kidonda kilipofunga, tulimpeleka Feza Lilongwe, ili mshipa ule usikifungue tena. Odeta akafuatana naye. Daktari Mwale akaeleza njia zake zote, nami nikatafsiri.

"Ile ya moto hapana," Feza akasema. "Jehanamu naisikia kila Jumapili, inatosha."

Akachagua sindano. Daktari alipomaliza akachukua bandeji, na Odeta akamwomba ruhusa kwa Kichewa cha mjigoni. Daktari akampisha na akashika kikombe chake cha chai. Feza alirudi akitembea. Sasa huvaa soksi ya kubana, na hulalamika juu yake kila siku, jambo ambalo kwangu ni dalili ya afya.

Nami nimestaafu. Miaka ya kusimama kando ya vitanda imenipa malipo niliyowaonya wengine: mishipa miwili minene, na kiuno kisichoinama. Nimejifunza kuwa upande wa pili wa bandeji, na si kazi rahisi kwa aliyezoea kuamuru. Asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nasikia mlango ukisukumwa. Odeta huingia na mikono yake myeusi, na nyuma yake Feza amebeba uji. Wakati mwingine nasahau, naanza kumwelekeza.

"Nyamaza, mama," hunijibu. "Weye ni mugonjwa."

Kisha anaanzia vidoleni.

Wewe unayesoma haya, Bwana akujalie mkono usiobadilika, wenye kukaza panapostahili na kulegeza panapostahili. Akupe jirani wa kukuhudumia siku utakapokuwa huwezi kuinama, na moyo wa kumnyooshea mguu wako. Popote njia yako inapopita, upite kwa amani, na ufike. Amina.